Kwa Nini Gari la Mjomba Lilisita Kuondoka

Mwaka jana, siku moja ya Jumamosi alfajiri, nilikuwa nimeketi kando ya mjomba wangu katika gari lake la Land Cruiser, tukitoka Segerea kwenda Kisarawe kuchukua mihogo. Tulipofika Majumba Sita tulisimama kungoja nafasi ya kuingia barabara kuu na kukata kulia, kuelekea Gongo la Mboto. Nafasi ikapatikana. Lori lilikuwa bado mbali upande wetu wa kulia, na mtu yeyote angesema kuwa muda unatosha. Mjomba akaachia klachi, akakanyaga mafuta. Gari likasogea kama hatua mbili, likakohoa, kisha likasitasita katikati ya njia kana kwamba limesahau liendako. Dereva wa lori alipiga honi na kufunga breki hata nikasikia harufu ya mpira. Ndipo injini ikazinduka, na gari likatoka kwa kuruka kama mbuzi aliyekatiwa kamba.

Mjomba hakusema neno mpaka Pugu. Huko akapangusa uso, akasema, "Mwanangu, gari hili litatuua."

Nimeona yafaa niwaandikie wasomaji wa gazeti letu habari ya jinsi ugonjwa ule ulivyotafutwa na ulivyopatikana, maana wengi wetu hapa shuleni tuna baba, babu au jirani mwenye gari la zamani, na nimekwisha kusikia malalamiko yale yale: "Likishika mwendo halina neno, lakini kuondoka ni kazi." Tena napenda kueleza kwa nini shauri la kwanza tulilopewa, ambalo ndilo shauri linalotolewa na watu wengi mitaani, liliongeza ugonjwa badala ya kuuponya, na likala fedha ambazo mjomba alikuwa ameziweka kwa ajili ya mabati.

Kwanza niieleze injini yenyewe. Gari la mjomba lina injini ya petroli ya Toyota iitwayo 2F, iliyoanza kutiwa katika magari ya Land Cruiser mwaka 1975 au karibu yake. Ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, na ujazo wake wote ni sentimita za ujazo 4230, yaani lita nne na robo hivi. Kila silinda ina upana wa milimita 94, na pistoni hupanda na kushuka milimita 101.6. Tazama vizuri tarakimu hizo mbili. Safari ya pistoni ni ndefu kuliko upana wa silinda. Nitazirudia baadaye, kwa sababu ndani yake mna nusu ya hadithi.

Injini ya silinda sita hupendwa kwa utulivu wake. Katika kila mizunguko miwili ya krenki, kila silinda huwaka mara moja. Basi zikiwa sita, huwaka mara tatu kwa kila mzunguko mmoja, na msukumo mmoja haujaisha kabla wa pili haujaanza. Katika injini hii zamu ni hii: ya 1, ya 5, ya 3, ya 6, ya 2, ya 4. Mwenye kukosea kurudisha nyaya za plagi kwa zamu hiyo atasikia mlio ambao hatausahau.

Sasa, kuna nguvu za namna mbili ambazo watu huzichanganya. Ipo nguvu ya kuzungusha, na ipo ile inayohesabiwa kwa nguvu za farasi. Mtu akifungua nati ya gurudumu kwa spana ndefu, nguvu ya kuzungusha ni kubwa ingawa mkono waenda polepole. Nguvu za farasi ni nguvu hiyo ya kuzungusha ikizidishwa kwa wingi wa mizunguko: kazi ngapi imefanywa katika dakika moja. Gari linapoanza kuondoka, injini bado inakwenda polepole, labda mizunguko 1000 au 1500 kwa dakika. Wakati huo nguvu za farasi zilizoandikwa katika kitabu cha gari hazisaidii kitu, maana zimepimwa injini ikiwa mbioni. Linalohitajika ni nguvu ya kuzungusha ya chini, na kwa jambo hili 2F si injini dhaifu hata kidogo. Nguvu yake kubwa kabisa ya kuzungusha hupatikana injini ikiwa kati ya mizunguko 1800 na 2000 tu. Ilitengenezwa kwa kazi ya kuvuta. Kwa hiyo gari la mjomba liliposita pale Majumba Sita, kosa halikuwa la kuumbwa. Kuna kitu kilikuwa kimeharibika, au kimelegea, au mtu alikuwa amekichezea.

Lakini sisi hatukufikiri hivyo. Tulimwendea fundi mmoja kijana, hodari wa maneno na mwepesi wa mikono. Akafungua boneti, akatazama, akatikisa kichwa. "Mzee," akasema, "injini kubwa kama hii inapumulia katika tundu la sindano. Itie kabureta pana, ukate na bomba la moshi uweke pana, utaona litakavyoruka." Maneno yale yaliingia akilini vizuri. Hata mimi, niliyekuwa nimepata alama nzuri katika fizikia, niliona ni kweli. Mjomba akatoa fedha za mabati. Ikanunuliwa kabureta kubwa iliyotoka katika gari jingine, yenye koo moja pana, na bomba la moshi likabadilishwa.

Siku ya majaribio gari lilitoa mngurumo wa kutisha hata watoto wakatoka nje kutazama. Lilipokwisha kushika mwendo katika barabara iliyonyooka, naam, lilikimbia kidogo kuliko zamani. Lakini kuondoka? Lilikuwa baya mara mbili. Kilima cha kutoka bonde la Msimbazi kupanda Segerea, ambacho kwanza lilikipanda kwa gia ya pili likiwa na mzigo, sasa lilitaka gia ya kwanza, na petroli ilikwisha kama inayomwagwa chini.

Kwa nini ikawa hivyo? Hili ndilo lililonisumbua usiku kucha, na jibu lake nililipata nikiwa nimeshika bomba la kupulizia dawa ya mbu.

Wengi mnalijua bomba lile la mkono: silinda ya bati yenye mti wa kusukuma, na mbele yake kikopo cha dawa chenye mrija mwembamba unaosimama mpaka kwenye mdomo wa hewa. Lisukume upesi, na dawa hutoka kama ukungu. Lisukume polepole, na hakitoki kitu ila upepo. Au likitoa, latoa matone makubwa yanayoanguka sakafuni. Dawa ni ile ile, mrija ni ule ule. Tofauti ni mwendo wa hewa tu. Hewa inayopita upesi juu ya mdomo wa mrija hupunguza kani pale mdomoni, na dawa huvutwa juu. Mwendo ukipungua, mvuto nao hupungua, tena hupungua zaidi ya unavyodhani: mwendo ukiwa nusu, mvuto huwa robo; ukiwa theluthi, mvuto huwa sehemu moja ya tisa.

Kabureta ni bomba lile lile. Hewa hupita katika koo jembamba, na petroli huvutwa kutoka katika kikombe chake kupitia tundu dogo ambalo mafundi huliita jeti. Sasa na tuhesabu. Injini ya lita 4.23 huvuta hewa ya ujazo huo mara moja katika mizunguko miwili. Ikiwa mizunguko 1000 kwa dakika, haiwezi kuvuta zaidi ya lita 2115 kwa dakika, yaani lita 35 hivi kwa sekunde: haifiki ndoo mbili za lita 20. Ikiwa mizunguko 3600, yaweza kuvuta mpaka lita 127 kwa sekunde, ndoo sita na zaidi. Koo la kabureta ni lile lile kwa hali zote mbili. Aliyeitengeneza alilazimika kuchagua: akilifanya pana litoshe ndoo sita, zile ndoo mbili za mwanzo zitapita kwa uvivu, petroli haitavutwa vizuri, na itakayovutwa itakuwa matone badala ya ukungu. Matone hayaungui upesi. Hubandika katika kuta za manifoldi, na silinda nyingine hupata hewa tupu huku jirani yake ikipata petroli tele. Akilifanya jembamba, gari litaondoka vizuri lakini litakosa pumzi mbele.

Dawa yake ilipatikana zamani, nayo ilikuwamo katika kabureta ile tuliyoing'oa. Ilikuwa na makoo mawili. Koo la kwanza ni jembamba, hufanya kazi peke yake gari linapoondoka. La pili hufunguka baadaye injini ikitaka hewa nyingi. Sisi tuliitupa kabureta yenye akili, tukaweka yenye ukubwa.

Na bomba la moshi vivyo hivyo. Moshi unaotoka kwa mwendo katika bomba la kiasi huwa na uzito wake na msukumo wake. Ukipita, huacha nyuma yake mvuto mdogo unaosaidia kutoa mabaki katika silinda. Katika bomba pana mno moshi hutembea taratibu, na msaada ule hupotea hasa injini inapokwenda polepole. Makelele huongezeka, na masikio hudhani ni nguvu.

Huenda mtu akauliza: mbona magari ya mashindano hutiwa kabureta mbili au tatu, nayo huruka kama swala? Swali hili ni zuri, na jibu lake tunalo hapa hapa Afrika Mashariki. Katika mbio za East African Safari, mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa gari la Datsun 240Z. Na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda akiwa na Lofty Drews katika gari la aina hiyo hiyo. Datsun 240Z lina injini ya silinda sita mstari mmoja, kama la mjomba, na hata lile la kuuzwa dukani lilitoka kiwandani na kabureta mbili. Lakini tazama vipimo. Ujazo wake ni sentimita 2393 tu. Upana wa silinda ni milimita 83, na safari ya pistoni ni milimita 73.7: fupi kuliko upana. Pistoni yenye safari fupi yaweza kupanda na kushuka mara nyingi bila kuumia. Kwa hiyo injini ile ndogo, kwa hesabu ya kiwanda, ilitoa nguvu za farasi 151 ikiwa mizunguko 5600, ambapo 2F yenye ujazo karibu mara mbili ilitoa 135 ikiwa mizunguko 3600. Wala usifanye haraka kusema Datsun ndiyo bora. Nguvu yake kubwa ya kuzungusha hupatikana ikiwa mizunguko 4400, nayo ni kama robo tatu tu ya ile ya Land Cruiser, ambayo huipata kabla ya kufika 2000. Dereva wa Safari aliiweka injini yake juu muda wote, akibadili gia kama mshona cherehani. Mjomba wangu anabeba mihogo, anasimama kila penye matuta, na hana haja ya mizunguko 5600. Kumpa mapafu ya mkimbiaji mtu anayebeba magunia si kumsaidia.

Haya yote sikuyajua kwa akili yangu. Nusu nilielezwa na fundi mmoja mzee wa Tabata ambaye mjomba alimwendea baada ya fedha kwisha. Alipokwisha kuamkiwa na kuketi, hakufungua boneti. Aliuliza kwanza, "Gari hili lilianza lini kusita? Ghafula, au kidogo kidogo?" Mjomba akajibu kuwa kidogo kidogo. "Basi lilikuwa zima, likachoka," akasema yule mzee. "Kitu kilichochoka hupumzishwa, hakiongezewi mzigo. Ile kabureta ya zamani iko wapi?" Kwa bahati njema ilikuwa bado chini ya kiti, imefungwa katika gazeti.

Akaifungua mezani. Nitaeleza kwa kirefu alichokiona, maana ndicho kiini cha ugonjwa wa Majumba Sita. Mtu anapokanyaga mafuta ghafula, hewa huingia mara moja kwa kuwa ni nyepesi; petroli, ambayo ni nzito, huchelewa. Kwa nukta moja ndogo injini hupata hewa bila petroli ya kutosha, nayo hukohoa. Ili kuziba pengo hilo, ndani ya kabureta kuna pampu ndogo iliyounganishwa na pedali. Ukikanyaga, nayo hurusha mchirizi mwembamba wa petroli moja kwa moja katika koo, mpaka mvuto wa kawaida ushike kazi. Pampu ya gari letu ilikuwa imekufa. Pistoni yake ndogo ilikuwa imekauka na kupasuka ukingoni, na kigololi cha chini kilikuwa kimegandiana na uchafu. Kilichotoka kilikuwa tone moja la aibu.

Jambo hili mtu yeyote aweza kulichungulia mwenyewe bila spana nyingi. Zima injini, iache ipoe, hakikisha hakuna mwenye sigara wala moto karibu, ondoa kifuniko cha chujio la hewa, kisha tazama ndani ya koo huku mtu mwingine akisukuma mkono wa mafuta taratibu. Mchirizi unapaswa kuonekana papo hapo mkono unapoanza kusogea. Ukichelewa au usipoonekana, umempata mwizi. Usiweke uso juu ya kabureta injini ikiwa inawaka. Ikirudisha moto, utapoteza nyusi ukiwa na bahati.

Ile pampu ikatengenezwa kwa vifaa vya kurekebishia kabureta, ambavyo bei yake ilikuwa ndogo mno ukiilinganisha na ile ya kabureta kubwa. Hapo mjomba alitazama chini.

Baada ya hapo mzee akageukia taimingi, yaani wakati wa cheche. Petroli haiwaki yote kwa mara moja kama baruti; huchukua muda kidogo, na msukumo mkubwa unatakiwa uje pistoni inapoanza kushuka. Kwa hiyo cheche hutolewa kabla pistoni haijafika kilele. Katika 2F kipimo ni digrii 7 kabla ya kilele, injini ikiwa katika mwendo wake wa kusimama wa mizunguko 650 kwa dakika. Wanafunzi wa hesabu waweza kukokotoa: mzunguko mmoja huchukua sekunde 0.092, basi digrii 7 ni sekunde 0.0018. Lakini injini ikifika mizunguko 3000, digrii hizo 7 hupita katika sekunde 0.0004 tu, na moto haupati nafasi. Hivyo distribyuta ina vizito viwili vidogo vilivyoshikwa na springi. Mwendo ukiongezeka hutanuka na kuiwahisha cheche. Tena ina kiwambo kinachovutwa na hewa ya manifoldi, nacho huiwahisha zaidi mzigo ukiwa mdogo.

Ya gari letu ilikuwa imechelewa. Pembeni mwa kasha la klachi kuna kidirisha, na ndani yake hupita lile gurudumu zito la injini, lililogongomewa kigololi kidogo cha chuma. Taa ya taimingi ikimulika, kigololi hicho kinapaswa kuonekana mkabala na mshale. Chetu hakikuonekana kabisa. Inaelekea kuwa siku moja injini iligonga, ule mlio wa changarawe katika debe unaosikika gari likivuta kilima, na fundi wa wakati huo, badala ya kutafuta sababu, alizungusha distribyuta akachelewesha cheche. Mlio ukaisha, na nguvu nayo ikaisha. Mzee akasafisha vizito vile vilivyokuwa vimeshikwa na kutu, akaweka pointi mpya, akarudisha kigololi mahali pake. Hakuzidisha hata digrii moja. Alisema kuwahisha mno ni kumpiga ngumi mtu anayepanda ngazi kuja kwako: pistoni hupigwa kabla haijafika, na mwisho wake hutoboka.

Hapo mjomba akauliza kama atumie petroli ya bei kubwa au dawa za chupa za kuongezea nguvu. Mzee akacheka. Injini hii hubana mchanganyiko wake mara 7.8 tu, kiasi kidogo kwa magari ya leo, na petroli ya kawaida yaitosha kabisa. Dawa za chupa zingeondoa fedha, si kusita.

Kazi nyingine nazitaja kwa upesi. Tapeti zilipimwa injini ikiwa ya moto: milimita 0.20 kwa valvu za kuingizia na 0.35 kwa za kutolea moshi. Mbili zilikuwa zimebana mno, na valvu isiyofunga sawasawa ni kama chungu kilichopasuka, hata upepete moto vipi. Kisha akapima mbano wa kila silinda kwa saa yake ya kubanisha katika tundu la plagi. Zote sita zilikaribiana, akashukuru Mungu, maana kama moja ingekuwa chini sana, safari yetu ingeishia kwenye kufungua injini. Mwisho alitia maji kidogo kidogo kwa bomba la sindano kwenye maungio ya manifoldi injini ikinguruma. Mahali pamoja mlio ukabadilika. Pale hewa ilikuwa ikiingia kwa siri bila kupita katika kabureta, na silinda ya jirani ilikuwa ikifa njaa. Gasketi mpya ikawekwa.

Kabureta ile ya zamani ilikuwa na jambo jingine lililonipendeza. Gari hili, kabla mjomba hajalinunua, lilifanya kazi miaka mingi Mbeya. Mbeya iko juu ya bahari kiasi cha mita 1700, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa yapata asilimia 15. Kwa hewa nyepesi yatosha petroli chache, na fundi mwangalifu wa huko alikuwa ametia jeti ndogo. Alifanya vema. Lakini gari likashuka pwani na jeti yake ya mlimani, likawa linakula hewa nzito kwa petroli haba. Tukarudisha jeti ya kipimo cha kiwanda. Mwenye kununua gari kutoka nyanda za juu na aulize jambo hili. Na mwenye kulipeleka gari la pwani Mbeya au Njombe asishangae likitoa moshi mweusi.

Lilibaki jambo moja ambalo lilizusha ubishi. Mjomba alikuwa ametia matairi makubwa, yenye kimo cha sentimita 88, badala ya yale ya awali ya sentimita 80 hivi. Aliyapenda kwa sura. Mzee akamwambia kuwa tairi ni spana iliyogeuzwa: kadiri lilivyo refu kutoka ekseli hadi ardhini, ndivyo nguvu ya kusukuma ardhi inavyopungua. Nilichukua kalamu. Themanini kwa themanini na nane: sehemu moja katika kila kumi na moja ya msukumo ilikuwa ikipotea, katika kila gia, kila siku, bila injini kuwa na kosa. Mtu aweza kuirudisha kwa kubadili meno ya difu, lakini hiyo ni kazi ya gharama. Kurudisha matairi ni rahisi zaidi. Mjomba alikataa. Akasema gari litaonekana kama kuku aliyenyeshewa. Mimi naona alikosea, na nimemwambia hivyo kwa adabu. Matairi makubwa bado yapo, na tumekubaliana kuwa yakiisha atanunua ya kipimo.

Tulirudi Majumba Sita Jumamosi iliyofuata, saa ile ile. Nakiri nilishika mlango kwa nguvu. Mjomba alingoja nafasi kubwa kuliko ilivyohitajika, akaachia klachi, akakanyaga mafuta taratibu kisha akaongeza, kama mzee alivyomfundisha, kwa sababu hata kabureta nzima hulemewa ukiifungua yote injini ikiwa bado chini. Gari likaondoka. Halikuruka wala kunguruma. Liliondoka tu, kwa nguvu moja isiyokatika, na tukawa upande wa pili kabla sijamaliza kuvuta pumzi. Jioni, tukiwa na magunia ya mihogo nyuma na machungwa juu yake, tulikipanda kilima cha Segerea kwa gia ya pili mpaka juu.

Mabati yalichelewa miezi minne. Kabureta kubwa imewekwa uvunguni mwa kitanda cha mjomba, imefungwa katika gazeti lile lile, na yeyote mwenye gari la mashindano anakaribishwa kuja kuitazama.